Heglig ama Panthou: Mafuta, Majina na Vita katika Sudan

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mafuta na vita katika nchi ya Sudan, na aghalabu waandishi wake ni wanauchumi, wanasheria na wataalamu wa siasa. Sisi wanafunzi wa lugha tumeyatazama mambo hayo kwa mbali, kana kwamba hayatuhusu. Ilhali mgogoro huo tangu mwanzo wake umekuwa pia ugomvi wa majina na maana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kabla ya jeshi kufika penye visima, na kabla ya kampuni ya kigeni kusimamisha mitambo yake, kazi fulani ilikuwa imekwisha kufanywa kwa kalamu: mpaka ulichorwa upya, mahali palipewa jina jipya, na watu waliokaa hapo wakaandikwa kama kwamba hawapo. Bunduki zilifuata njia iliyofyekwa na kalamu.

Tuanze na mti. Kaskazini ya mji wa Bentiu, mahali ambapo nchi ya Wadinka wa Panaru inakutana na malisho ya Wabaggara wa Misseriya, kuna eneo la visima ambalo kwa Kiarabu cha Sudan huitwa Heglig na kwa Kidinka huitwa Panthou. Heglig ni jina la mti wa nyika wenye miiba na matunda madogo mfano wa tende, ambao katika baadhi ya sehemu za nchi yetu hujulikana kwa jina la mjunju. Panthou nalo maana yake ni mahali pa mti huo huo. Majina mawili, basi, na maana moja. Mfugaji wa Kibaggara na mfugaji wa Kidinka walipatazama hapo kwa jicho moja, kwamba ni mahali pa kivuli na chakula wakati wa kiangazi. Hawakuishi pasipo kugombana, maana wafugaji hugombana popote penye maji machache. Lakini ugomvi wao ulikuwa na wazee wa kuuamua na ng'ombe wa kuulipia. Mafuta yalipogunduliwa hapo mwaka 1982, jina likaanza kuwa dai la umiliki, na dai hilo halikuwa la wafugaji tena.

Ili kufahamu jinsi mambo yalivyofikia hapo ni lazima kurejea mwaka 1972. Vita vya kwanza baina ya Kaskazini na Kusini, vilivyoanza kwa maasi ya askari wa Torit mwaka 1955, vilimalizwa na Mapatano ya Addis Ababa ya Februari 1972. Kusini ilipewa serikali yake ya jimbo katika mji wa Juba, chini ya Abel Alier, na mpaka wake ukatajwa kuwa ule uliokuwapo tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Juu ya mali iliyo chini ya ardhi, sheria iliyotokana na mapatano hayo iliiruhusu Juba kutunga sheria za uchimbaji wa madini, ila pasipo kudhuru haki ya Serikali Kuu endapo gesi na madini yangegunduliwa. Msomaji wa lugha atasimama kidogo hapo penye neno "ila". Sentensi inatoa kwa mkono wa kulia na kutwaa kwa mkono wa kushoto. Wakati ule hapakuwa na mafuta, na yamkini ndiyo sababu wajumbe hawakuikazia macho.

Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ilipanda ghafula kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Makampuni makubwa yakaanza kutafuta visima nje ya Ghuba. Rais Jaafar Nimeiri, ambaye mwaka 1971 nusura apinduliwe na wakomunisti, alikuwa amekwisha kuupa Umoja wa Kisovieti kisogo na kuigeukia Marekani. Chevron, kampuni ya Kimarekani, ikapewa kibali cha kutafuta mafuta katika eneo kubwa la kusini na magharibi mwa Sudan, na mwaka 1978 ikayapata karibu na Bentiu, katika nchi ya Wanuer. Serikali ya Khartoum kwa wakati huo ilikuwa imeelemewa na madeni. Habari ya mafuta iliipokea kama mtu aliyekabwa koo anavyoipokea hewa.

Jambo lililofuata ndilo kiini cha hoja yetu. Mwaka 1980 Baraza la Khartoum lilipelekewa mswada wa sheria ya serikali za majimbo, pamoja na ramani. Mwanasheria Mkuu alikuwa Hassan al-Turabi. Katika ramani hiyo eneo la Bentiu, na sehemu nyingine za mpakani zenye rutuba na madini, ziliwekwa upande wa Kaskazini. Hapana risasi iliyopigwa. Mstari tu ulisogezwa. Watu wa Kusini waliandamana, wabunge wao wakapinga, na Nimeiri akalazimika kuirudisha ramani ilikotoka. Lakini kisima kikuu kilichopatikana mwaka huo huo kilipewa jina la Unity, kwa Kiarabu al-Wahda, na baadaye jina hilo likawa jina la jimbo zima. Neno wahda lina shina moja na "wahedi" yetu. Ni neno zuri. Hata hivyo, jina la kijiji, la mto au la ukoo husema ni nani aliyekuwa pale kwanza. Jina kama Umoja halisemi hivyo; linasema tu kwamba atakayeuliza swali hilo ni mpinzani wa umoja. Sidhani kwamba lilichaguliwa kwa bahati.

Baada ya jina kukaja kiwanda. Watu wa Kusini walitumaini kwamba mafuta ya Bentiu yangesafishiwa Bentiu, na kwa njia hiyo kazi, barabara na umeme vingefika. Khartoum ikaamua kwamba kiwanda cha kusafishia kijengwe Kosti, Kaskazini. Kisha hata shauri la Kosti likaachwa, ikaamuliwa kwamba mafuta yapelekwe ghafi kwa bomba hadi Bahari ya Sham, yauzwe ng'ambo. Kwa upande wa hesabu za kampuni uamuzi huo ulikuwa na maana yake, kwa kuwa fedha za kigeni hupatikana upesi zaidi kwa kuuza ghafi. Kwa mwenyeji wa Bentiu maana ilikuwa nyingine: kitu kilichotoka chini ya miguu yake kingepita bila kusimama hata mahali pamoja penye faida kwake. Wakati huo huo mfereji wa Jonglei, uliokuwa ukichimbwa tangu 1978 na kampuni ya Kifaransa ili maji ya Nile yasipotelee katika vinamasi vya Sudd, ulikuwa ukielekea Kaskazini vilevile. Maji yaende, mafuta yaende. Si ajabu kwamba John Garang, ambaye baadaye aliongoza maasi, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Iowa State mwaka 1981 juu ya mradi huo wa Jonglei.

Mwezi wa Mei 1983 askari wa Bor waliasi. Mwezi uliofuata Nimeiri akaivunja Kusini kuwa majimbo matatu, na Septemba akatangaza sheria za Kiislamu nchini kote. SPLA ikaundwa chini ya Garang. Februari 1984 kituo cha Chevron cha Rubkona, ng'ambo ya mto kutoka Bentiu, kilishambuliwa na wafanyakazi watatu wa kigeni wakauawa. Mara nyingi shambulio hilo husemwa kuwa ni la SPLA. Waliolifanya ni Anyanya II, kundi la Wanuer wengi ambalo baadaye lilipewa silaha na Khartoum yenyewe. Chevron ikasimamisha kazi, na baada ya kuzubaa miaka minane ikajitoa kabisa mwaka 1992. Mfereji nao ulikuwa umekwisha kukwama.

Hapo mtu angedhani kwamba vita na mafuta havipatani, na kwamba kampuni ya kigeni hukimbia penye risasi. Miaka ya 1990 ilionyesha kinyume chake. Mwaka 1989 Omar al-Bashir alitwaa serikali akiungwa mkono na Turabi. Mwaka 1991 SPLA iligawanyika. Riek Machar, Mnuer, akajitenga na Garang, na mwaka 1997 akatia sahihi mapatano na Khartoum. Mgawanyiko huo ndio uliofungua njia ya visima, kwa kuwa sasa nchi ya Wanuer ilikuwa na viongozi waliopokea silaha kutoka kwa serikali. Kampuni ndogo ya Kanada, Arakis, ilikuwa imekwisha kuingia mahali pa Chevron. Mwishoni mwa 1996 ukaundwa muungano wa makampuni: CNPC ya Uchina ikashika asilimia 40, Petronas ya Malaysia 30, Arakis 25, na Sudapet, kampuni ya serikali ya Sudan, 5. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997 haikuzuia kitu ila makampuni yake yenyewe. Talisman, pia ya Kanada, iliinunua Arakis mwaka 1998. Bomba la kilomita zipatazo 1,600 likajengwa upesi, na Agosti 1999 meli ya kwanza ikapakia mafuta ya Sudan katika Bahari ya Sham.

Bomba hilo halikujengwa baada ya vita kwisha. Lilijengwa kwa vita. Namna yenyewe ilikuwa hivi: kampuni ilihitaji eneo "salama" kabla ya kuleta mitambo, serikali ilijitwika kazi ya kulisalimisha, wanamgambo wa Kinuer waliopokea mshahara wa Khartoum, kama wale wa Paulino Matip, pamoja na wanamgambo wa Kibaggara na jeshi lenyewe, walivifuata vijiji, watu wakahama, na eneo likawa salama. Kisha fedha za mafuta zikaongeza uwezo wa jeshi wa kusalimisha eneo jingine. John Harker, aliyetumwa na serikali ya Kanada, alieleza katika taarifa yake ya Januari 2000 jinsi helikopta za kivita na ndege za Antonov zilivyotumia uwanja wa ndege wa Heglig, uliohudumia visima. Kusini zaidi, ambako Lundin ya Sweden ilikuwa na kibali, barabara ya kudumu ilijengwa kutoka Rubkona kuelekea kisima cha Thar Jath. Barabara ni maendeleo, hakuna abishaye. Lakini askari walipita juu yake kwanza, na walioikaa kandokando wakaondoka.

Ni hapa ambapo mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kuongeza ambalo huenda mwanauchumi asilione. Lugha yetu imekopa kutoka Kiarabu maneno mawili ambayo yamebadilishana viti njiani. Kwa Kiarabu salam ni kutokuwapo kwa vita, na amn ni ulinzi wa dola. Kwetu sisi, shina la amn limetupa "amani", na shina la salam limetupa "usalama", ambalo ndilo tunalotumia tunapozungumza juu ya polisi, wapelelezi na mipaka. Anayetafsiri matangazo ya Khartoum ya miaka ile kwa Kiswahili asipojihadhari atayapindua. Hata hivyo naona kwamba kosa la mfasiri huyo lingefunua jambo la kweli. Serikali ya Bashir iliyaita mapatano yake na viongozi wa makundi ya Kusini "amani kutoka ndani", al-salam min al-dakhil. Walioishi penye visima walichokiona ni amn tupu, ulinzi wa mitambo. Neno lilitamkwa amani, maana yake ikawa usalama.

Neno la pili la kuchunguzwa ni "tupu". Watetezi wa makampuni walisema mara kwa mara kwamba eneo la visima halikuwa na wakazi wa kudumu, bali wafugaji wapitao. Hoja hiyo tunaijua sana katika Afrika ya Mashariki, maana ndiyo iliyotumiwa na walowezi juu ya nchi za Wamaasai. Mfugaji wa Kinuer hukaa kijijini penye mwinuko wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hushuka na ng'ombe hadi kandokando ya mito. Atakayepiga picha kutoka angani wakati wa kiangazi ataviona vijiji vitupu, na atakayepiga wakati wa mvua ataziona kambi za ng'ombe tupu. Kwa vipimo vya namna hiyo hata Nairobi ingeweza kuthibitishwa kuwa haina watu, mradi picha ipigwe katika mtaa wa ofisi usiku wa manane.

Hayo yaliwahi kufikishwa mahakamani. Kesi dhidi ya Talisman ilifunguliwa New York mwaka 2001 na Kanisa la Presbiteri la Sudan pamoja na wengine, ikatupwa mwaka 2006, na rufani ikashindwa mwaka 2009, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba kampuni ilikusudia mabaya yaliyotendwa. Kampuni yenyewe ilikuwa imeuza sehemu yake kwa shirika la serikali ya India mwaka 2003. Huko Sweden, wakuu wawili waliowahi kuiongoza Lundin walishtakiwa mwaka 2021 kwa kusaidia uhalifu wa kivita, nao wakakana. Kesi ilianza kusikizwa Stockholm Septemba 2023.

Isije ikadhaniwa kwamba nawavika wageni lawama yote. Maslahi ya kigeni hayakuwa na jeshi katika Bentiu. Yalikuwa na mikataba. Walioshika bunduki walikuwa wana wa nchi, na vita vikali kuliko vyote katika eneo la visima mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa baina ya Wanuer na Wanuer, watu wa Matip na watu wa Machar, kila upande ukitaka kuwa ndio mlinzi wa visima, kwa kuwa mlinzi ndiye alipwaye. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mithali hiyo haisemi ni nani aliyeifuma nguo, na mwanahistoria hana ruhusa ya kunyamaza hapo inaponyamaza.

Mapatano ya pili yalijadiliwa kwetu. Itifaki ya Machakos ilitiwa sahihi Julai 2002, na mapatano ya kugawana mali yakatiwa sahihi Naivasha Januari 2004, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo: asilimia 2 ya mapato kwa jimbo lenye kisima, na baki ya mafuta ya Kusini nusu kwa Juba na nusu kwa Khartoum. Mkataba kamili ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wasudani huuita mkataba wa Nifasha. Jina la Kimaasai la ziwa, lililokwisha kupindwa mara moja na Wazungu, likapindwa mara ya pili na Waarabu, na sasa katika magazeti ya Khartoum ni jina la mkataba kabla ya kuwa jina la ziwa. Tofauti na "ila" ya 1972, safari hii hesabu iliandikwa wazi. Mpaka haukuandikwa wazi. Ulitajwa tena kuwa ule wa 1 Januari 1956, ambao hapana aliyekuwa ameupima ardhini.

Kasoro hiyo ndiyo iliyorudisha mti wetu. Julai 2009 baraza la waamuzi la The Hague lilipunguza eneo la Abyei, na Heglig ikabaki nje yake. Khartoum ikatangaza kwamba basi Heglig ni ya Kordofan. Kwa mantiki hilo halifuati: kutokuwamo Abyei si sawa na kuwamo Kordofan, na Juba ilishikilia kwamba Panthou ni sehemu ya jimbo la Unity. Baada ya kura ya maoni ya Januari 2011, ambapo karibu asilimia 99 walichagua kujitenga, Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai, ikichukua kama robo tatu ya mafuta na kuliacha bomba lote la kuyafikisha baharini mikononi mwa Khartoum. Khartoum ikadai dola 36 kwa pipa kuwa malipo ya kupitisha. Juba ikawa tayari kutoa chini ya dola 1. Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake vyote. Machi mwaka huo Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikutana Lamu kuzindua bandari na bomba ambalo lingewapa njia nyingine. Bandari imejengwa, bomba la kutoka Juba halijajengwa. Aprili jeshi la Kusini likaitwaa Heglig kwa siku kama kumi. Redio za pande mbili ziliripoti vita hivyo hivyo katika mahali pawili: huku Panthou imekombolewa, kule Heglig imevamiwa.

Vita vya Desemba 2013 vilizuka Juba, ndani ya chama kilichotawala, lakini havikuchelewa kufika Bentiu. Mji huo ulitekwa na kutekwa tena, na Aprili 2014 mamia ya raia waliuawa humo, wengine msikitini walimokimbilia. Serikali iliyotegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote ilikuwa ikipigana na waasi waliojua hivyo. Ndiyo maana kila upande ulikwenda visimani kwanza. Na Sudan yenyewe ilipoingia vitani Aprili 2023, bomba lilikuwa likipita katikati ya uwanja wa mapambano. Februari 2024 lile la mafuta ya Upper Nile lilipasuka, na wafanyakazi wa serikali ya Juba, ambayo haikuwa na upande katika vita hivyo, wakakaa miezi bila mishahara.

Oktoba 2015, katikati ya vita, Rais Kiir alitoa amri ya kugawa nchi kuwa majimbo 28 badala ya 10. Jimbo la Unity likakatwa mapande matatu: Liech ya Kaskazini, Liech ya Kusini, na Ruweng. Liech ni jina la mahali katika nchi ya Wanuer wa magharibi, ulipokuwa mkwaju ambao kwa masimulizi yao ndipo watu walipotokea mwanzo. Kwa mara ya kwanza tangu 1980 nchi ile ilikuwa na jina la wenyeji katika hati za serikali, na jina hilo lilikuja pamoja na mstari uliolitenga eneo la Wadinka wa Ruweng, lenye visima, na nchi ya Wanuer waliokuwa wakipigana na serikali. Wapinzani waliukataa mstari, na pamoja nao jina. Februari 2020, ili serikali ya umoja iweze kuundwa, majimbo yalirudishwa kuwa 10. Liech ikafutwa, Unity ikarejea. Ruweng haikurudishwa, ilifanywa eneo la utawala la pekee chini ya Juba, na baina yake na jimbo la Unity bado wanabishana juu ya mahali mpaka unapopita.